Maneno Aliyoambiwa Mtoto

Dorotea amelisha watu maisha yake yote ya utu uzima. Kibanda chake kipo nyuma ya viwanda vya Nyakato, mahali wafanyakazi wanapotokea wakiwa bado wamevaa gambuti, na chakula chake hakijabadilika tangu nilipokifahamu: ugali, sato wa mchuzi, maharage, na mchicha uliokatwa vizuri. Hamuulizi mteja kama ameshiba. Hutazama sahani. Sahani ikirudi na mabaki huishika kwa mikono miwili, huichunguza, kisha husema, "Huyu leo ana jambo."

"Na asiyekula kabisa je, Mama Hellen?" Venant, mpakiaji wa kiwandani, alimwuliza siku moja mbele ya wenzake.

"Asiyekula kabisa amenitukana."

"Basi mimi sitakutukana mpaka nife. Niongezee mchuzi."

"Wewe hata ukishiba unatukana, kwa hiyo kaa hivyo hivyo."

Nyumba yake iko Kiseke, kwenye vilima vinavyotazama ziwa. Mimi nimepanga chumba cha mbele, ninaposhona sare za shule, na ukuta ulio kati ya cherehani yangu na sebule yao ni mwembamba. Ndiyo maana mengi ya haya niliyasikia yalipokuwa yakitokea. Mengine alinieleza mwenyewe, na mengine bintiye.

Mume wake, Mzee Shimba, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia, kikamwachia ulimi. Alizungumza polepole, lakini alizungumza. Mtoto wao ni mmoja tu, Hellen, ambaye ni muuguzi. Alikwenda kufanya kazi Ujerumani, katika mji wa Bremen, akaolewa huko na kuzaa mtoto wa kiume. Mumewe anaitwa Jens. Jina hilo nalitaja mimi, kwa kuwa Mama Hellen wakati huo alikuwa halitaji. Alisema "mkwe" tu.

Katika ukoo wa Shimba, mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina na babu yake, kwa mdomo wake, mtoto akiwa amepakatwa. Kabla ya hapo babu hamwambii mtu yeyote jina hilo, hata mkewe. Jina likitajwa kabla ya mwenyewe kufika, walisema, limekwisha kupoa. Mtoto wa Hellen alikuwa na jina la ubatizo, Jonas, na Mzee Shimba hakulipinga. Lakini lile la kwake alikwisha kulichagua tangu siku aliyoletewa habari za uzazi.

"Ninalo," alikuwa akisema, akijigusa kifua kwa mkono wa kushoto.

"Atampa jina la lile jenereta la kiwandani," alisema Ndalahwa, mdogo wake, aliyekuja karibu kila Jumapili kumnyoa ndevu. "Hakuna mtu aliyewahi kumpenda kama lile jenereta."

"Afadhali jenereta. Lilifanya kazi kuliko wewe."

Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba kiharusi kingine kinaweza kuja, na kwamba hakuna ajuaye kitachukua nini. Ndipo Hellen alipomtumia mama yake tiketi ya kwenda kumtembelea. Siku ya kuondoka, Mzee Shimba alimwita mkewe karibu na kitanda.

"Zawadi sihitaji. Picha ninazo. Niletee mtoto."

"Mtoto si wangu nimbebe, Baba Hellen."

"Basi mwombe baba yake."

Dorotea hakujibu upesi, na sababu yake naifahamu sasa. Alilelewa Magu, katika nyumba iliyoshika heshima ya ukwe kwa ukali. Mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake, hamtazami machoni, wala hamwombi kitu uso kwa uso. Akiwa na haja humwambia mtoto aliye karibu, au huusemesha ukuta, huku mkwe akisikia. Na yule aliye katikati yao, yaani binti, huyachukua maneno na kuyafikisha. Maneno ya namna hiyo ni mazito kuliko ya kawaida. Mkwe hawezi kuyakataa bila kujiaibisha.

"Nitamwomba," alisema hatimaye.

Huko Bremen alikaa majuma kadhaa katika nyumba ya ghorofa, wakati wa baridi, na hakuna aliyegundua kwamba hali chakula pamoja na mkwe wake. Jens aliondoka asubuhi, naye akala baada ya mlango kufungwa. Jioni alisema amekwisha kula. Hellen alisoma shule za bweni tangu utotoni, kisha chuo, kisha akavuka bahari. Alidhani ni baridi iliyomwondolea mama yake hamu ya chakula. Kuhusu ombi, walilizungumza wakiwa wawili jikoni.

"Mwambie wewe, Mama. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Ananijibu malaria, ananijibu safari ndefu. Labda akisikia kwako atalegea."

"Nitasema."

"Kweli?"

"Nimekwambia nitasema, Hellen. Umekuwa mzungu mpaka unataka nile kiapo?"

Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudi, Jens aliwatoa kwenda kula chakula cha jioni. Alikuwa ameuliza huku na huku, maana Hellen alimweleza kwamba mama yake hupikia mkaa, naye akatafuta mgahawa unaotumia mkaa. Akaupata wa Waturuki, karibu na stesheni ya treni. Mlangoni aliwashikia mlango mvua ikimlowesha, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na mkewe, "Karibu sana, Mama." Dorotea alishukuru akitazama mkeka wa kufutia miguu.

Meza ilikuwa ndogo, na kiti alichopewa kilitazamana na cha mkwe wake. Alikisogeza kikaelekea ukuta, palipotundikwa picha ya daraja refu juu ya maji. Jens aliona kwamba sahani zimekuwa mbali naye, akazisukuma zimfuate. Alipojigeuza zaidi, zikamfuata tena.

Vyakula vilikuja bila kukoma. Supu ya dengu. Mikate bapa iliyovimba kwa mvuke. Mtindi uliotiwa tango, bilinganya za kuchoma, kisha sinia la mishikaki ya kondoo kwenye vyuma vipana, na wali pembeni. Dorotea alinieleza kila kimoja kama mtu anayekumbuka msiba. Moto wa yule mpishi, alisema, ulikuwa moto wa mtu anayejua; nyama ilikauka nje na ndani ilikuwa na maji yake. Alimwonea aibu mpishi. Alijua sahani yake isiyoguswa ingerudi jikoni, na alijua itakavyosomwa.

"Anauliza kama hupendi kondoo," Hellen alitafsiri. "Anasema kuku wapo."

"Mwambie nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi hujala."

"Hellen, mwambie nimeshiba."

Hellen akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Kama ni yale mambo ya Magu, Mama, hapa hayapo. Kula tu." Hata hivyo hakumgeukia mumewe kumweleza mambo ya Magu ni nini. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa Jens angeona wanatoka kwa watu wa ajabu. Kwa hiyo Jens aliachwa na kile alichokiona kwa macho yake: mgeni aliyegeukia ukuta, na chakula kinachopoa.

Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake. Dorotea aliona kwamba wakati wa kusema umefika, na kwamba hautarudi. Alimgeuza mtoto akaelekea upande wa baba yake, akasema polepole, kwa sauti ya kusikika meza nzima:

"Mjukuu wangu, babu yako anakungoja. Nusu ya mwili wake imekufa, na nusu iliyobaki inakungoja wewe. Ana kitu chako mdomoni asichoweza kumpa mtu mwingine. Mwambie baba yako akulete kabla mdomo huo haujafungwa."

Kisha akanyamaza, kama inavyotakiwa.

Jens alimtazama mkewe akisubiri tafsiri. Hellen alikuwa akifuta mtindi uliomwagika mezani. "Anambembeleza mtoto," alimwambia kwa Kijerumani. Jens akatabasamu, akanyoosha mkono, akampapasa mtoto kichwani.

Dorotea aliliona tabasamu kwa pembe ya jicho, na akauona mkono. Akalichukua kuwa jibu. Alinieleza kwamba mwili wote ulimlegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo, na hapo ndipo alipotambua ana njaa kali. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema anakwenda kunawa mikono.

Kwenye njia ya kwendea maliwatoni palikuwa na dirisha la kioo, na nyuma yake mwanamke wa umri kama wake, kichwa amefunga kitambaa cheupe, ameketi mbele ya meza ya chini akisukuma unga kwa mti mwembamba. Mikate aliichoma juu ya chuma kilichobinuka kama mgongo wa kobe. Dorotea akasimama. Yule mwanamke aliinua macho, akaitazama mikono ya mgeni, yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Akanyanyua mkono wake mwenyewe kuonyesha makovu yake. Akampungia aingie.

Hawakuwa na lugha hata moja ya kusemezana. Alipewa mkate uliokunjwa na mboga za majani ndani, akaula amesimama, haraka, kisha akapewa wa pili. Alipoomba kwa ishara kujaribu ule mti, unga ulimtoka umepinda kama ramani, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jens alikuwa amekuja kumtafuta, akidhani amepotea. Alimwona kupitia kioo: mkate mkononi, mashavu yamejaa, anacheka. Dorotea alipomwona mkwe wake alijifunika mdomo kwa kitenge, akageukia ukuta. Alipogeuka tena, Jens hakuwepo. Alimkuta mezani amekwisha kuvaa koti.

Ndani ya gari hakuna aliyezungumza. Dorotea aliuona ukimya ule kuwa ni wa mwanamume anayepanga safari, na hakutaka kumsumbua.

Aliporudi Kiseke, Mzee Shimba alimpokea kwa swali moja.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alitabasamu. Akamshika mtoto kichwa."

"Basi wanakuja," Mzee akasema, na tangu siku hiyo alitaka kutolewa nje kila asubuhi, akae kwenye kiti barazani, avae shati lenye kola. Aliniita akaniagiza nishone shati la mtoto, akinionyesha ukubwa kwa kiganja chake kizima. Nililishona. Masika yalipopita nililifumua, nikaongeza mapana, kwa kuwa watoto hawasubiri. Ndalahwa alimtania kwamba amekuwa bibi harusi anayengojea gari, na Mzee akamjibu kwamba yeye hata gari la mkaa halikuwahi kumjia. Dorotea hakupiga simu kuuliza. Kumharakisha mkwe aliyekwisha kuombwa ni kumwambia humwamini.

Hatimaye Hellen alipiga mwenyewe, kusalimia tu. Nilikuwa nikimpima Dorotea gauni, na simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa.

"Nimeona nisiulize," alisema Dorotea, "lakini baba yako kila siku anakaa barazani. Mnakuja lini?"

"Kuja wapi, Mama?"

"Nyumbani. Na mtoto."

"Mama, si hukusema kitu. Jens alikungoja jioni nzima useme. Hukula chakula chake, hukumtazama hata mara moja. Kisha akakukuta jikoni na mtu usiyemjua, unakula, unacheka. Unajua alivyoniambia? Kama mimi sifai hata kula naye chakula, mwanangu atafaa kwa nani huko?"

"Nilisema."

"Ulisema saa ngapi?"

"Nilimwambia mtoto. Mbele ya baba yake. Wewe ulikuwa katikati, Hellen. Maneno yangu uliyapeleka wapi?"

Nilishika utepe wangu wa kupimia bila kujua niutie wapi.

"Nilidhani unambembeleza," Hellen akasema.

Dorotea hakumgombeza. Alikata simu kwa adabu, akaketi na gauni lenye pini mwilini, akasema, "Nilipaswa kujua. Binti niliyempeleka bweni akiwa mdogo, angejulia wapi?" Kisha akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, kwamba mpishi yule wa Kituruki alikuwa amesoma sahani yake vibaya, na mkwe wake vilevile, na hakuna hata mmoja aliyekosea kwa jinsi alivyoiona.

Jioni aliniomba niiegemeze simu kwenye kopo la sukari, imwonyeshe uso wote. Hellen alipopokea, alimwambia amwite mumewe aketi. Uso wa Jens ulipotokea, Dorotea aliutazama.

"Jens," alisema. "Mimi mama wa mke wako. Sikukudharau. Kwetu, anayeheshimiwa hatuli mbele yake. Chakula kile kilikuwa kizuri na nilikiacha kwa heshima yako. Sasa nakuomba kwa mdomo wangu: mlete mtoto. Babu yake ana jina lake, na hajui kama ana muda."

Safari hii Hellen alitafsiri kila neno, mengine mara mbili, akilia. Jens alimgeukia mkewe kwanza na kumwuliza jambo kwa Kijerumani. Tulielewa bila tafsiri kwamba anauliza kwa nini hakuambiwa. Kisha akatazama kwenye simu, akasema kwa Kiswahili, "Ndiyo, Mama. Tunakuja."

Ilibaki kutafuta pasi ya mtoto na ruhusa kazini. Walifanya haraka kadiri watu wanavyoweza. Tiketi zilipokuwa tayari, Mzee Shimba aliamka asubuhi moja, akamtazama mkewe aliyemletea uji, akafungua mdomo kumsalimia, na sauti haikuja. Hospitali walimpokea na kumrudisha. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini bila nguvu ya kushika hata penseli. Macho yalibaki. Walisema anaelewa kila kitu.

Walifika mchana wenye mawingu, ziwa limegeuka rangi ya risasi chini ya vilima. Hellen alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake barazani, akasema shikamoo, akasubiri marahaba kwa mazoea, kisha akainuka. Jens alimbeba mtoto yeye mwenyewe, akamweka mapajani mwa mzee, akabaki ameinama akimshikilia kwa nyuma asianguke. Dorotea alikuwa bega kwa bega naye. Siku hiyo hakuna aliyeangalia nani amekaa karibu na nani.

Mzee Shimba alimtazama mtoto. Midomo yake ilifunguka, ikakutana, ikafunguka tena. Mishipa ya shingo ikasimama. Mate yakamtoka pembeni, na Ndalahwa akayafuta kwa kiganja. Alijaribu tena. Mtoto aliunyoosha mkono akagusa ule mdomo unaohangaika, akidhani ni mchezo, akacheka.

"Kaka," Ndalahwa akasema, "tutakusaidia. Tutataja sisi, wewe fumba macho likifika."

Akaanza na majina ya ukoo, ya mababu waliozikwa Magu na ya wale waliovuka kwenda Geita na kufia huko. Luhende. Kwa jina hilo Mzee Shimba alifumba macho, na machozi yakamtoka. Hellen akashika mkono wa mama yake. Lakini Ndalahwa, kwa uangalifu, akaendelea apate hakika. Chenge. Mzee alifumba macho, akalia. Kija. Akalia. Masanja, Shimba, jina la baba yake, jina la babu wa baba yake: kwa kila moja alifumba macho na kulia vilevile, mpaka Dorotea akasema, "Mwacheni. Msimtese."

"Wewe hakukudokeza, shemeji? Siku zote hizo kitanda kimoja?" Ndalahwa akauliza.

"Hakunidokeza. Na mimi sikumwuliza, maana ndivyo ilivyotakiwa."

Ndalahwa alipendekeza apewe la Luhende, kwa kuwa ndilo lililoanza kuliliwa. Dorotea alikataa. Alisema mumewe anasikia, na kumpa mtoto jina jingine mbele yake, huku lenyewe akiwa nalo ndani, ni kumzika akiwa hai. Hellen alimweleza Jens. Jens aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumshikilia mtoto pale mapajani muda mrefu, mgongo umepinda, hadi mtoto alipochoka na kuanza kulia naye.

Mzee Shimba alifariki kabla ya mvua za vuli. Mtoto alikwisha kurudi Bremen, na anaitwa Jonas tu.